Mji wa Watu Kumi na Wanne

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo yetu ya wiki hii yanatupeleka mbali, hadi Marekani. Lakini hatuendi New York wala Chicago, miji ambayo hata mtoto mdogo ameiona kwenye sinema. Tunakwenda mashambani, kwenye kijiji ambacho gari hukipita kabla dereva hajamaliza kusoma kibao chenye jina lake. Kijiji hicho kinaitwa Nicodemus, kipo katika jimbo la Kansas, na sensa ya mwaka 2020 iliwakuta hapo watu 14.

Watu kumi na wanne! Nyumba moja ya kupanga huku mjini, yenye vyumba sita na choo kimoja uani, inaweza kuwa na wakazi wengi kuliko hao. Hata hivyo Serikali ya Marekani imekitangaza kijiji hicho kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa, na kila mwisho wa mwezi Julai mamia ya watu hufunga safari kutoka miji ya mbali kwenda kula, kucheza na kusali hapo. Hebu tujiulize: kijiji cha watu 14 kina nini hata kilindwe na taifa la watu zaidi ya milioni 300? Na je, ni kweli, kama wapitanjia wengi wanavyodhani, kwamba Nicodemus ni mji uliokwisha kufa?

Tuanze na ardhi, maana mtu asiyejua mvua na udongo wa mkulima hawezi kuielewa historia yake.

Ukichukua ramani ya Marekani na kuweka kidole katikati kabisa, kidole chako kitaangukia Kansas au jirani yake. Upande wa mashariki wa jimbo hilo una mvua za kutosha na miti. Kadiri unavyokwenda magharibi mvua hupungua, miti hutoweka, na mbele yako hubaki nyasi na mbingu tu. Nicodemus iko huko kaskazini-magharibi, katika wilaya ya Graham, kando ya barabara kuu namba 24 na karibu na mkono wa kusini wa mto Solomon. Mji wa Hill City, ambao ndio makao makuu ya wilaya, uko kiasi cha kilomita 20 upande wa magharibi. Nchi yenyewe ni tambarare yenye mabonde madogo madogo, na upepo hauna mti wa kuuzuia. Wakati wa baridi theluji huanguka na maji hugeuka mawe. Wakati wa kiangazi joto hupanda hadi mtu akatafuta kivuli asikipate.

Kuna jambo moja la jiografia ambalo ni lazima tulishike. Mstari wa longitudo ya nyuzi 100 magharibi unapita kama kilomita 30 tu kutoka kijijini hapo. Kwa muda mrefu wataalamu wameuhesabu mstari huo kuwa mpaka wa namna yake. Upande wake wa mashariki mkulima hutegemea mvua. Upande wa magharibi mvua haifiki inchi 20 kwa mwaka, yaani milimita 500 hivi, na anayelima bila kumwagilia anacheza kamari. Mwaka 1878 mpelelezi wa ardhi mashuhuri, John Wesley Powell, aliiandikia Serikali ya Marekani ripoti yenye onyo hilo hilo. Bahati mbaya onyo lilichelewa. Watu wa Nicodemus walikwishafika mwaka mmoja kabla yake.

Watu hao walikuwa akina nani, na waliacha nini walikotoka?

Walikuwa Weusi waliotoka utumwani, wengi wao kutoka jimbo la Kentucky, sehemu za Lexington na Georgetown. Kentucky lilikuwa jimbo la watumwa ambalo halikujitenga na Muungano wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa sababu hiyo tangazo la Rais Abraham Lincoln la mwaka 1863, lililowaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, halikuwahusu watumwa wa huko. Walisubiri hadi Desemba 1865, katiba ya nchi ilipobadilishwa kupiga marufuku utumwa kila mahali. Na hata hapo bunge la Kentucky lilikuwa limekwishayakataa mabadiliko hayo. Mtumwa alipata uhuru wake bila ridhaa ya jimbo lake.

Uhuru ulikuja, lakini ulikuja mikono mitupu. Aliyekuwa mtumwa hakupewa shamba, ng'ombe wala jembe. Alirudi kulima ardhi ya bwana wake wa zamani kwa kugawana mavuno, na katika mgawo huo daftari la hesabu lilikuwa mikononi mwa bwana. Usiku walipita wapanda farasi waliofunika nyuso, wakiwapiga na kuwaua wale walioonekana kuinua kichwa. Mwaka 1877 Serikali Kuu ikayaondoa majeshi ya mwisho yaliyokuwa yakilinda serikali za Ujenzi Mpya huko Kusini. Kila Mweusi mwenye akili alielewa maana yake: hakuna tena wa kumkimbilia.

Wakati huo huo kulikuwa na habari ya Kansas. Jimbo hilo liliingia katika Muungano mwaka 1861 likiwa jimbo lisilo na utumwa, baada ya miaka ya damu kumwagika juu ya swali hilo hilo. Huko ndiko John Brown alikopigana na wapenda utumwa. Isitoshe, sheria ya ardhi ya mwaka 1862 ilimruhusu raia kuchukua ekari 160, yaani kiasi cha hekta 65, kwa ada ndogo, mradi akae hapo na kuilima miaka mitano. Kwa mtu aliyezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine, habari ya kumiliki ekari 160 ilikuwa kubwa kuliko habari ya dhahabu.

Ndipo katika mwezi wa Aprili 1877 ikaundwa kampuni ya kuanzisha mji. Mwenyekiti wake alikuwa Mweusi, W. H. Smith. Pamoja naye walikuwamo mchungaji Simon Roundtree na Z. T. Fletcher, Weusi pia, na Mzungu mmoja mfanyabiashara wa ardhi, W. R. Hill. Walichapisha matangazo na kuyapeleka kwenye makanisa ya Weusi, wakilisifu bonde la mto Solomon na kuwaalika ndugu zao waje wajenge mji wao wenyewe. Kiwanja cha mjini kiliuzwa dola 5.

Jina la mji nalo lina kisa. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Nikodemo aliyemwendea Yesu usiku. Lakini yapo maelezo mengine yenye nguvu zaidi huko kijijini, kwamba jina ni la Nicodemus wa masimulizi ya watumwa, mwana wa Afrika aliyeuzwa ng'ambo na baadaye akajinunulia uhuru wake. Mtu huyo alitajwa hata katika wimbo uliovuma wakati wa vita. Wanahistoria wanaendelea kubishana. Mimi naona watu waliojinunulia mji kwa dola tano tano wangeweza kabisa kumkumbuka mtu aliyejinunua mwenyewe.

Kundi dogo la kwanza lilifika katikati ya mwaka 1877. Mwezi wa Septemba likaja kundi kubwa, watu zaidi ya 300. Gari-moshi liliwashusha kwenye stesheni ya Ellis, na kutoka hapo walikwenda kwa miguu kiasi cha kilomita 50, mizigo mgongoni na watoto mkononi. Miongoni mwao alikuwamo mama mjamzito, Emma Williams. Alijifungua mtoto wa kiume, Henry, ambaye ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa Nicodemus.

Sasa fikiria, ndugu msikilizaji, walichokikuta. Waliahidiwa mji. Walitazama huku na huku wasione hata nyumba moja. Mama mwingine, Willianna Hickman, aliyefika majira ya kuchipua ya mwaka 1878 pamoja na mumewe mchungaji, alisimulia baadaye jinsi wenzake walivyopiga kelele kwamba mji huo hapo. Alikaza macho asiuone. Kisha akaonyeshwa moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo! Mama yule hakuweza kujizuia, akalia.

Mashimo yale hayakuwa uzembe. Katika nchi isiyo na miti utajenga kwa nini? Walichimba kwenye kingo za mabonde, wakaezeka kwa matawi na udongo, wakaingia humo kama panya-buku ili baridi isiwaue. Kuni hazikuwapo. Walichoma mabua ya alizeti pori na samadi iliyokauka. Wengine walivunjika moyo, wakageuza wakarudi walikotoka, na hasira dhidi ya Hill ilikuwa kubwa. Waliobaki waliingia kipupwe cha kwanza bila mavuno, maana walifika msimu wa kupanda ukiwa umepita. Masimulizi ya wazee wa huko yanasema kwamba Wahindi Wekundu wa kabila la Osage, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni, waliwagawia nyama. Basi katika baridi ile wenye nchi walionyang'anywa ardhi waliwalisha watu walionyang'anywa uhuru. Hilo nalo ni jambo la kuandikwa.

Mwaka uliofuata walilima. Farasi wao walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo wengi walivunja udongo ule mgumu, uliofungwa na mizizi ya nyasi za karne nyingi, kwa majembe ya mkono na masepetu. Wanaume wengine walitembea siku nyingi kwenda kutafuta vibarua kwenye reli na mashamba ya mbali, wakiwaachia wake zao shimo, watoto na shamba. Bibi Jenny Fletcher aliwafundisha watoto kusoma ndani ya nyumba yake ya shimo. Walikuwa bado hawana paa la maana, lakini shule walikuwa nayo.

Hesabu ya mwaka 1880 ilikuta Weusi 258 na Wazungu 58 katika mji huo na mashamba yaliyouzunguka. Mwaka huo huo wilaya ya Graham iliundwa rasmi. Gavana akamteua kijana mmoja Mweusi aliyehamia Nicodemus mwaka 1878, Edward P. McCabe, kuwa karani wa muda wa wilaya. McCabe hakuishia hapo. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima la Kansas, na mwaka 1884 akachaguliwa tena. Kumbuka kwamba wapiga kura wa Kansas walikuwa wengi Wazungu. Miaka 17 tu baada ya utumwa kufutwa, hesabu za fedha za jimbo zilikuwa mikononi mwa Mweusi aliyetoka kwenye mji wa mashimo.

Katikati ya miaka ya 1880 mashimo yalikwishaachwa. Palikuwa na nyumba za mbao na za mawe ya chokaa, makanisa, hoteli, maduka, benki, na timu ya besiboli. Magazeti yalikuwa mawili: moja liliitwa Western Cyclone, maana yake kimbunga cha magharibi, lililoanza 1886, na lingine Nicodemus Enterprise, lililoanza 1887. Wafanyabiashara Wazungu nao walikuja kufungua maduka, kwa kuwa fedha haina rangi. Mji ulikuwa unapanda. Ulihitaji kitu kimoja tu: reli.

Tusimame kidogo hapa, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Kwa mkulima wa ngano wa zama zile, reli ilikuwa uhai. Ngano haibebwi kichwani kilomita 50. Mji wenye stesheni ulipata mnunuzi, bei, mbao za kujengea, barua na wageni. Mji usio na stesheni ulikuwa kama kisima kilicho mbali na njia. Makampuni ya reli yalijua hivyo, nayo yaliitumia hofu hiyo. Yaliiambia kila miji: mkitaka tupite kwenu, toeni fedha. Mwaka 1887 wakazi wa Nicodemus walipiga kura na kukubali kubeba deni la dola 16,000 kwa hati za dhamana ili kampuni ya Missouri Pacific ilete reli. Kwa bei ya dola 5 kwa kiwanja, hiyo ilikuwa thamani ya viwanja 3,200, na mji mzima haukuwa na watu elfu moja. Hapo utaona jinsi walivyoitaka reli hiyo.

Missouri Pacific haikuja. Kampuni nyingine, Union Pacific, ikajenga njia yake mwaka 1888, lakini ikaipitisha ng'ambo ya mto, upande wa kusini, kilomita chache kutoka Nicodemus. Kambi ya wajenzi wa reli ikageuka kuwa mji, ukaitwa Bogue. Wenye maduka wa Nicodemus walifanya hesabu iliyo rahisi. Walifunga virago na kuvuka mto, na wengine waling'oa hata majengo yao wakayakokota hadi kwenye reli. Magazeti yalikoma. Katika muda wa miezi tu, mji uliokuwa ukipanda ulijikuta hauna mahali pa kununua chumvi.

Je, rangi ya wakazi ilichangia? Wapo wanaoamini hivyo, na kwa hali ya nchi ile mtu hawezi kuwacheka. Wapo pia wanaokumbusha kwamba katika nyanda zile miji mingi ya Wazungu ilipitwa na reli ikafa vile vile, maana kampuni ilitazama mteremko wa ardhi na faida yake, basi. Lakini hata tukikubali maelezo ya pili, somo halibadiliki. Watu wa Nicodemus walikuwa wameshinda utumwa, baridi, njaa na udongo mgumu. Kilichowashinda ni mstari uliochorwa kwenye karatasi ndani ya ofisi ya mbali, na watu ambao huenda hawakuwahi kukanyaga mji huo.

Ingekuwa hadithi ya kawaida tungeishia hapo. Lakini reli ilichukua maduka, haikuchukua mashamba. Wale waliokuja kutafuta biashara waliondoka, na wale waliokuja kutafuta ardhi walibaki. Mwaka 1907 Wabaptisti walijenga kanisa la mawe. Mwaka 1918 ilijengwa shule mpya. Kwa miaka mingi baada ya magazeti kuutangaza kwamba umekwisha, mji uliendelea kuwa kitovu cha mamia ya wakulima Weusi waliotawanyika kwenye mashamba yao, wakikutana Jumapili kanisani na siku za sikukuu uwanjani.

Pigo la pili lilikuja miaka ya 1930, nalo lilitoka mbinguni na sokoni kwa pamoja. Bei ya ngano ilianguka kwa sababu ya mdororo mkuu wa uchumi, na mvua ikakataa. Ule mstari wa nyuzi 100 tuliousema mwanzoni ulidai haki yake. Udongo uliolimwa ukakauka, upepo ukaubeba, na mchana ukawa giza la vumbi. Mwaka 1935 mji ulikuwa na watu 76 tu. Mradi wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira ulijenga ukumbi wa mawe mwaka 1939, lakini ukumbi haulishi mtu. Vijana walikwenda Topeka, Kansas City, Denver na California kutafuta mishahara. Mwaka 1950 walibaki watu 16. Mwaka 1953 posta ilifungwa, na mji usio na posta hauna anwani. Mwaka 1960 shule nayo ikafunga milango yake.

Hapo ndipo wengine husema: basi, jaribio la Weusi kujitegemea lilishindikana. Ndugu wasikilizaji, kauli hiyo haisimami mbele ya takwimu. Itazame wilaya nzima ya Graham, ambayo wakazi wake wengi ni Wazungu. Mwaka 1910 ilikuwa na watu zaidi ya 8,000. Mwaka 2020 ilikuwa na watu 2,415, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,300, yaani kama mtu mmoja kwa kila kilomita ya mraba. Hill City, makao makuu yenye jina la yule yule W. R. Hill, ilikuwa na watu 1,403. Na Bogue, mji uliokula maduka ya Nicodemus kwa sababu ya reli, haukufikisha watu 200. Matrekta na mashine za kuvuna zimefanya kazi ya familia kumi ifanywe na mtu mmoja, na mashamba madogo yamemezwa na makubwa. Nyanda zote zile zimepungua watu. Nicodemus haikushindwa kwa kuwa ni ya Weusi. Ilitangulia tu katika njia ambayo majirani zake walifuata.

Hata hivyo ni kweli kwamba mkulima Mweusi alibeba mzigo wa ziada. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima Weusi wapatao 925,000. Karne ilipofikia mwisho hawakuzidi 20,000. Mikopo ya pembejeo ilichelewa, ilipunguzwa au ilinyimwa, na shamba lisilopata mkopo wakati wa kupanda huuzwa wakati wa kuvuna. Jambo hilo lilifikishwa mahakamani, na mwaka 1999 Serikali ya Marekani ilikubali kuwalipa fidia wakulima Weusi waliobaguliwa na wizara yake ya kilimo. Mwaka huo huo wakulima wa Nicodemus na jirani zake walianzisha chama cha wakulima Weusi wa Kansas. Katika miaka iliyofuata chama hicho kilijaribu kulima tefu, ile nafaka ndogo ya Ethiopia inayopikiwa injera, kwa ajili ya Waethiopia waliohamia Marekani. Baada ya zaidi ya miaka 120, Afrika ilirudi katika shamba la Nicodemus kwa njia ya mbegu.

Sasa turudi kwenye mamia ya watu wanaosafiri kila mwisho wa Julai.

Tangu miaka ya mwanzo, watu wa Nicodemus walisherehekea uhuru wao mwanzoni mwa Agosti, wakikumbuka tarehe 1 Agosti 1834, siku utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza, yakiwamo ya visiwa vya Karibi. Zingatia jambo hilo. Wakulima wa bara, wasioona bahari maisha yao yote, walifanya sikukuu yao siku ya ukombozi wa ndugu wa visiwani ambao hawakuwajua hata kwa sura. Mji ulipopungua watu, sikukuu haikufa. Iligeuka kuwa siku ya kurudi nyumbani. Wajukuu na vitukuu hutoka mijini na magari yao, hupika nyama, huimba kanisani, huonyeshana makaburi, na kila mtoto huambiwa yeye ni wa ukoo gani. Mmoja wa waliotoka katika koo hizo alikuwa Veryl Switzer, aliyezaliwa hapo mwaka 1932. Alipata sifa kubwa katika mpira wa miguu wa Kimarekani, akaichezea timu ya Green Bay Packers mwaka 1954, na hata alipokuwa mtu wa mjini aliendelea kulima ardhi ya kwao hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2022.

Ni hao wanaorudi waliouokoa mji. Wao na wazee waliobaki ndio waliopeleka hoja serikalini. Mwaka 1976 Nicodemus ilitambuliwa rasmi kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Kwa sadfa ya ajabu, mwaka huo huo wa 1976 bunge la Kentucky, lile lililokataa kufutwa kwa utumwa mwaka 1865, liliidhinisha mabadiliko yale ya katiba, likiwa limechelewa miaka 111. Watoto wa waliokimbia Kentucky walikuwa wamekwishajenga, wamekwishapoteza na wamekwishaanza kujenga upya wakati Kentucky ikitafuta kalamu. Kisha Novemba 1996, chini ya Rais Bill Clinton, mji ukafanywa Eneo la Kihistoria la Taifa. Majengo matano ndiyo yanayotunzwa: ukumbi, makanisa mawili, hoteli na shule. Kati ya miji ya Weusi iliyoanzishwa magharibi ya mto Mississippi wakati wa Ujenzi Mpya, huo ndio pekee uliosalia.

Mimi sitaki kuwapaka asali, ndugu wasikilizaji. Kibao cha serikali si shule, na mtalii anayepiga picha na kuondoka si jirani. Mji wa watu 14, wengi wao wazee, unaweza siku moja ukabaki majengo matano yanayofagiliwa na mlinzi. Hatari hiyo ipo.

Lakini sensa ina udhaifu wake. Sensa ya huko humhesabu mtu mahali anapoishi na kulala siku nyingi. Haimuulizi anazikwa wapi, wala watoto wake huwapeleka wapi kuwaonyesha asili yao. Kwa hesabu ya sensa Nicodemus ina watu 14. Kwa hesabu ya wanaoitaja kuwa kwao, sijui karatasi ya karani ingekuwa ndefu kiasi gani. Wewe unayenisikiliza ukiwa katika chumba cha kupanga mjini, ambaye ukiulizwa kwenu ni wapi hutaji mtaa unaolala bali kijiji usichokiona mwaka mzima, hesabu hiyo ya pili unaifahamu vizuri kuliko mimi.

Yule mama aliyelia alipoona moshi unatoka ardhini hakurudi Kentucky. Alifuta machozi, akaingia shimoni, akaanza maisha. Kampuni ya reli haikumwona, na ukame haukumhurumia, lakini kila Julai watu huwasha moto mahali pale pale, na moshi huonekana tena. Anayetaka kujua kama mji umekufa au u hai, na aende siku hiyo.

Kwa leo tuishie hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.